KIPANDE SI SADAKA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walitwambia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Methali hii sote twaijua. Tumeiandikia insha tangu tukiwa shule ya msingi, na aghalabu huitumia kumsuta mgeni mvivu asiyetaka kuondoka. Lakini hebu, ndugu msomaji, itazame tena. Methali haisemi mgeni afukuzwe siku ya tatu. Yasema apewe jembe. Na mtu akishapewa jembe, akaenda shambani na wenyeji, jua likamchoma pamoja nao na jioni akala nao sinia moja, huyo amekwisha kuwa mtu wa nyumba hiyo. Je, yule aliyepewa jembe akalima miaka 80, akazaa hapo, akazika wazazi wake hapo, akapata wajukuu hapo hapo, na bado akaitwa mgeni, tumwiteje mwenyeji wake?

Swali hili si la insha tu. Hapa kwetu Kenya lina watu wake na mahali pake. Kuna Wamakonde wa Kwale. Kuna Wapemba wa Kwale, Kilifi na Lamu. Kuna Washona wa Kiambu. Jamii hizi tatu ziliishi nasi miongo mingi bila kutambuliwa kuwa raia, na katika miaka ya karibuni zote zimepata vitambulisho: Wamakonde mwaka 2017, Washona 2021 na Wapemba 2023. Nia yangu ni kueleza maisha yao yalikuwaje kabla ya hapo na yamekuwaje baadaye. Tena nina maoni, na sitayaficha: kitambulisho ni haki ya mtu iliyoandikwa katika Katiba, na tunakosea sana tunapoigeuza haki hiyo kuwa sadaka ya kugawiwa jukwaani siku ya sherehe.

Tuanze na jembe lenyewe. Zama za ukoloni, mashamba makubwa ya pwani ya kusini yalitaka mikono ya kazi. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde kutoka kaskazini mwa Msumbiji walikuja kufanya kibarua katika mashamba ya mkonge, na wengine katika mashamba ya miwa kule Ramisi. Wengine walifika baadaye wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza Msumbiji mwaka 1964. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1975, watoto waliozaliwa Kwale walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Wanasema Kidigo na Kiswahili kama majirani zao. Kwao Msumbiji ni jina la mahali alikotoka babu, basi.

Wapemba nao wameletwa na bahari. Kisiwa cha Pemba hakiko mbali na ufuo wetu, na wavuvi walikuwa wakifuata samaki na upepo hata kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka juu ya maji. Wengine walivuka kuja huku baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, wakajenga, wakaoa, wakabaki. Washona walitoka nchi ambayo leo yaitwa Zimbabwe. Walikuja katika miaka ya 1960 wakieneza Injili ya kanisa lao, wakakaa pande za Kiambu, wakajulikana kwa useremala na kwa vikapu vyao.

Sasa ikafika tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Wakenya waliimba na kucheza, na hapana shaka watu hawa nao waliimba na kucheza. Lakini katiba ya uhuru ilikuwa na sharti lake. Ili mtu awe raia siku hiyo, haikutosha kuwa amezaliwa Kenya. Ilibidi pia mzazi wake mmoja awe amezaliwa Kenya. Waliobaki nje ya sharti hilo, baadhi yao waliruhusiwa kuomba kuandikishwa, na muda wa kuomba ulikuwa miaka miwili. Hebu mfikirie kibarua wa mkonge, hajui kusoma wala kuandika, anaamka alfajiri kukata majani yenye miiba. Nani angemwendea kambini kumwambia kwamba kuna fomu na kwamba muda wahesabiwa? Gazeti rasmi la serikali halikuwa likiuzwa kambini. Muda ukapita. Mtu akabaki pale pale, kwenye kibanda kile kile, ila sasa hana nchi.

Hapa yafaa tulitazame neno moja ambalo wazee wetu bado wanalitumia: kipande. Asili yake ni chungu. Kuanzia karibu na mwaka 1920 serikali ya Waingereza iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba cheti cha kazi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Bila hicho hutoki kwenda kutafuta kazi. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Babu zetu walikichukia, na mwishowe kikaondolewa. Lakini jina halikufa, na leo mzee wa pwani akikuuliza, "Kipande unacho?" anataka kujua kama una kitambulisho. Ajabu ya dunia ni hii: kwa babu mnyororo ulikuwa kukivaa, na kwa Mmakonde mnyororo ukawa kukikosa.

Mwanafunzi ambaye hajafika miaka 18 aweza kuuliza, "Kwani kitambulisho ni nini? Mbona mimi sina na naishi?" Jibu ni kwamba unaishi chini ya kivuli cha wazazi wako walio nacho. Hebu jaribu kuondoa kivuli hicho.

Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, karibu kila shilingi ya mtu mdogo hupita kwenye simu. Basi asiye na kitambulisho huomba laini isajiliwe kwa jina la jirani. Wakikosana na huyo jirani, pesa zi kwa nani? Bila kitambulisho benki haikufungulii akaunti. Kazi ya mwajiri anayelipa kwa vitabu huipati; utafanya kibarua cha leo ulipwe leo, tena kwa bei apendayo mwenye kazi, kwa sababu huna mahali pa kumshtaki. Kwenye lango la ofisi za serikali askari anataka kitambulisho ndipo uingie. Kwa hiyo hata ofisi ya kulalamikia kwamba huna kitambulisho, huiingii bila kitambulisho! Ukicheka, cheka, lakini ndivyo.

Ardhi nayo haiandikwi kwa jina la mtu asiyekuwepo kwenye daftari. Mtu alinunua kiwanja kwa jasho lake, kikaandikwa jina la rafiki, na akiba yake yote ikabaki kutegemea uaminifu wa rafiki huyo na wa watoto wake. Mvuvi wa Kipemba alikuwa akiijua bahari kuliko afisa wa uvuvi, ila leseni hakuweza kupata. Basi akawa anavua kwa kujificha, au anafanya kazi katika chombo cha mwenye leseni na kugawana naye samaki aliowavua mwenyewe. Mchongaji wa Kimakonde naye alikuwa na shida yake. Vinyago vya Kimakonde ni maarufu duniani; watalii huvibeba hadi Ulaya na Marekani. Kinyago kikapanda ndege, na aliyekichonga anaogopa kupita kizuizi cha polisi barabarani. Wazee wao wengine wana chale usoni kama ilivyokuwa mila yao, kwa hiyo hata akinyamaza asiseme neno, uso wake ulimtaja.

Wapo waliochoka wakatafuta njia za panya. Walijiandikisha kama watu wa kabila jingine la pwani, wakabadili jina la baba na la ukoo, wakapata kitambulisho. Wepesi wa kuhukumu watasema ni uongo, na ni kweli kwamba sheria hairuhusu. Lakini tujiulize ni nani aliyeufunga mlango wa mbele. Tangu zamani tumeimbishwa kwamba Kenya ina makabila 42. Ukifika mbele ya karani wa usajili, anakuuliza kabila. Ukisema Mmakonde, anatazama orodha yake, hakuna. Mtu akilazimishwa kumkana babu yake ili aruhusiwe kununua laini ya simu, huyo ameonewa mara mbili.

Lakini lililo baya kuliko yote, na linalotuhusu sisi tulio shuleni, ni kwamba ukosefu huu ulikuwa ukirithiwa. Ili upate kitambulisho unatakiwa uonyeshe vitambulisho vya wazazi. Mzazi hana, kwa hiyo mtoto hapati. Na mtoto naye akizaa, mjukuu hapati. Kupata cheti cha kuzaliwa kukawa taabu. Nasi twajua wenyewe cheti cha kuzaliwa kina kazi gani: wakati wa kusajili watahiniwa mwalimu anakitaka. Basari nazo, mbali na mtoto, zamtaka mzazi aonyeshe kitambulisho chake. Mtoto aweza kuwa wa kwanza darasani toka darasa la kwanza mpaka la mwisho, halafu akakwama kwa karatasi ambayo babu yake hakuambiwa aiombe mwaka 1964. Huyo mtoto kakosa nini?

Hayo ndiyo maisha ya kabla. Katiba mpya ikaja tarehe 27 Agosti 2010. Ukiifungua, Kifungu cha 12 kinasema raia anastahili pasipoti na hati zote za usajili na utambulisho zinazotolewa na Serikali kwa raia. Kimesema anastahili, hakikusema ataonewa huruma. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia, awe kazaliwa Kenya au ng'ambo. Kabla ya hapo mama Mkenya aliyejifungulia nje ya nchi hakuweza kumpa mwanawe uraia. Ni baba tu aliyeweza. Kifungu hicho hicho kinasema mtoto mdogo anayeonekana hajafika miaka 8, akiokotwa Kenya na wazazi wake wasijulikane, ahesabiwe raia wa kuzaliwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu anapozaliwa. Na Kifungu cha 56 kinaiamuru Serikali iwe na mipango ya kuyainua makundi ya walio wachache na yaliyotengwa.

Mwaka uliofuata, 2011, Bunge likatunga Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Sheria hiyo ilimtaja kwa mara ya kwanza mtu asiye na nchi, ikasema kwamba kama ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, aweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Masharti ni machache, na moja lao litawafurahisha wanachama wa chama chetu: mwombaji awe anajua vizuri Kiswahili au lugha moja ya kienyeji. Jamani! Kipemba ni mojawapo ya lahaja za Kiswahili. Kama Kiswahili ndicho mtihani wa uraia, basi Mpemba ndiye angefaa kuwa msahihishaji, na nachelea kwamba wengi wetu tungerudishwa nyumbani kwa alama ya E.

Basi sheria ilikuwepo. Mbona Mmakonde hakupata kitambulisho mwaka 2011? Wala 2012, wala 2013? Kwa sababu sheria ikiwa kabatini haiendi kijijini kwa miguu yake. Maombi yalitaka makaratasi, na hawa ni watu ambao shida yao yenyewe ni kukosa makaratasi. Sheria ilitoa muda wa miaka 5 wa kuomba, na miaka ile ikaanza kuyoyoma kama ile miwili ya baada ya uhuru.

Ndipo Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde, wakiwemo wazee na kina mama, wakaondoka Kwale kufunga safari ya Nairobi, mwendo wa kilomita kama 500, ili wamwone Rais. Polisi walijaribu kuwazuia njiani, hawakurudi nyuma. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka ule kwisha. Tarehe 1 Februari 2017 akaenda Kwale mwenyewe, na zaidi ya watu elfu moja wakakabidhiwa. Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wimbo wetu wa makabila 42 ukaishia hapo.

Siku ya Jamhuri, 12 Desemba 2020, Rais akatangaza kwamba Washona 1,670 watapewa uraia, na Julai 2021 wakapewa vyeti vyao. Julai 2023, mjini Kilifi, Rais William Ruto akawakabidhi Wapemba vitambulisho.

Na baada ya hapo? Mambo yalibadilika, na asiyekubali ni mkaidi. Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2017 Wamakonde walipiga foleni wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Mgombea ambaye zamani hakuwa na haja ya kupita kijijini kwao sasa hupita, tena huomba maji ya kunywa. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mwenyewe. Mvuvi aweza kuomba leseni na kuingia baharini mchana kweupe. Kijana aweza kutafuta kazi mbali na kijiji bila kuhesabu vizuizi vya barabarani. Na mtoto anayezaliwa leo na mama au baba aliyeandikishwa anazaliwa raia. Mnyororo ule wa kurithi umekatwa. Kwangu mimi hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa mwenye kuligusa ni mtoto ambaye hatajua kamwe kwamba kulikuwa na shida.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kitambulisho ni dawa ya kila ugonjwa. Kwanza, aliyeandikishwa si sawa kabisa na aliyezaliwa raia. Kifungu cha 17 cha Katiba kinaruhusu uraia wa kuandikishwa ufutwe, kwa mfano mtu akihukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi ndani ya miaka 5 tangu aandikishwe. Urais nao ni wa raia wa kuzaliwa tu. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Kwale, ambaye hajawahi kulala usiku hata mmoja nje ya Kenya, anahesabiwa raia wa kuandikishwa, ilhali mjukuu wake ni raia wa kuzaliwa. Pili, miaka iliyopotea hairudi. Aliyekosa kusoma mwaka 1985 hawezi kurudishiwa dawati. Aliyelima ardhi isiyo na hati bado analima isiyo na hati.

Tatu, kuwa na haki katika kitabu si kuwa nayo dirishani pa karani. Watazame Wanubi. Mababu zao walitoka Sudan wakiwa askari wa jeshi la Waingereza, na wakakaa Kibra tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Hawa hawakusubiri mwaka 2017 kuitwa Wakenya. Na bado kijana wa Kinubi alipofika miaka 18 alikuwa akipelekwa mbele ya kamati ya ukaguzi kuulizwa maswali ambayo mwanafunzi mwenzake wa kabila jingine hakuulizwa. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi katika jambo hili la uraia. Wakenya Wasomali nao hawajasahau ukaguzi wa mwaka 1989. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba ukaguzi huo wa ziada ukome. Tamko ni jema. Lakini afisa aliyezoea kuuliza maswali kumi hawezi kuzoea kuuliza mawili kwa kusikia hotuba tu.

Hapo ndipo linapotokea lile neno nililoliweka juu ya makala haya. Nawashukuru marais waliotoa amri. Sisemi vibaya juu yao. Lakini tazameni utaratibu wenyewe. Jamii moja yatembea mpaka Nairobi, yapewa. Nyingine yatangaziwa siku kuu, yapewa. Watu wanaitwa uwanjani, ngoma zinapigwa, kitambulisho kinatolewa na mkono wa mkubwa, na mpokeaji anapiga makofi na kushukuru kama aliyepewa unga wa njaa. Je, yule ambaye siku hiyo alikuwa mgonjwa kitandani? Je, jamii ndogo isiyo na watu wa kutosha kujaza uwanja, wala viongozi wa kuipeleka mbele ya magazeti? Sadaka hupewa anayeonekana. Haki apewe hata asiyeonekana, Jumanne ya kawaida, dirishani, na karani asiyemjua, bila ngoma. Tena sadaka ina deni la shukrani ndani yake, na aliyekupa aweza kukukumbusha wakati wa kura. Haki haina deni hilo.

Najua kuna wenzangu wasiokubaliana nami. Tulipojadili jambo hili chamani, hoja mbili zilijitokeza. Ya kwanza ni usalama: tukifungua mlango, wahalifu wataingia. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu nchi yetu imelia machozi kwa ajili ya ugaidi. Lakini sheria ya 2011 haikufungua mlango kwa anayekuja leo. Ilizungumza juu ya aliyekuwemo ndani tangu 1963 na wanawe. Na kwa usalama ni nani wa kuogopwa zaidi, mtu ambaye alama za vidole vyake zi serikalini, au yule asiyejulikana na daftari lolote? Wahenga wamesema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Vibarua hawa waliajiriwa mchana kweupe, wakalipwa mshahara na mashamba yaliyojulikana. Tusiogope leo tulichokichonga jana.

Hoja ya pili ni uchache: kazi hakuna, basari hazitoshi, sasa twawaongeza wengine. Hii nayo ni hoja ya wenye njaa na siidharau. Lakini watu hawa hawakuongezeka siku walipopewa vitambulisho. Walikuwa papo hapo, wakila, wakifanya kazi, wakilipa ushuru kila waliponunua sukari na sabuni. Kilichoongezeka ni idadi ya wanaoweza kudai haki zao, na mdai mmoja zaidi mbele ya mwajiri dhalimu ni faida ya vibarua wote.

Nimalizie na sisi wenyewe, maana ni rahisi kuilaumu serikali kutoka darasani. Serikali imebadilisha daftari lake. Ndimi zetu je? Bado tunasikia bwenini na uwanjani maneno kama "watu wa kuja", bado kuna kuigizana lafudhi, bado mtu akishindwa mjadala humwambia mwenzake "rudi kwenu". Rudi kwenu wapi? Kwao ni hapa. Maneno hayo hayafutwi na sheria ya Bunge. Yatafutwa na sisi tukikataa kuyacheka.

Yako mambo matatu tunayoweza kuyafanya bila kungoja amri. Kwanza, anayetimiza miaka 18 akachukue kitambulisho chake mapema, kisha amsindikize mwenzake ambaye wazazi wake hawajui pa kuanzia. Pili, tukirudi nyumbani likizo, tuulize kama wadogo zetu na watoto wa majirani wamesajiliwa. Mtoto aandikishwe kabla ya miezi 6 tangu kuzaliwa. Ikipita hapo safari inakuwa ndefu. Tatu, Katiba ya Kenya ipo kwa Kiswahili. Chama chetu kina wasomaji wazuri wa mashairi na wa magazeti. Naomba mwaka ujao tutenge siku moja ya kusoma Sura ya 3, ile ya uraia, mbele ya wazazi siku ya mkutano wao, kwa lugha ambayo kila mzazi ataielewa. Kibarua wa mwaka 1963 hakupata mtu wa kumsomea. Wajukuu wake wasikose msomaji na sisi tupo.

Wenye macho wameona na wenye masikio wamesikia. Hapa naitua kalamu, na anayetaka kunipinga ukurasa wa mwaka ujao ni wake.